Buku Aliyeijua Jumapili

Shambani kwa Elam Zook,
Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania.
29 Septemba

Mdogo wangu mpendwa Malinda,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini zitakukuta mzima huko Wisconsin, wewe, shemeji na watoto. Mguu wako je? Uliniandikia kuwa unavimba jioni. Usiupuuze. Sisi hatujambo, ila mgongo wa Elam unamsumbua tangu tuanze kuvuna mahindi, na haachi kuutangaza.

Najua unachongoja. Lazima umesikia kwamba mwaka huu nilipanda seleri nusu nzima ya bustani, ukacheka peke yako. Wageni wa harusi zetu hawalishwi bila mabua ya seleri, na nyumba isiyo na binti wa kuolewa haipandi seleri kiasi kile. Ndiyo, ilikuwa ya Suvilla wangu. Mchumba ni Abner, yule kijana wa akina Esh, na ndoa ilikuwa itangazwe kanisani mwezi ujao. Mimi nilifunga mdomo kama desturi inavyotaka, nikaiacha seleri iseme.

Basi wakaja buku. Unawakumbuka wale wanyama wa mashimoni nyuma ya zizi, wanene, meno ya njano, tumbo linaburuza chini? Wanachimba kila mahali, na wao hawangoji harusi ndipo wale.

Nimewaua vibaya, Malinda, na nimefurahi. Niliwamwagia shimoni maji ya kinyesi cha ng'ombe mpaka yakafurika, kisha nikasimama na sepetu kwenye tundu la nyuma, maana kila buku ana tundu la kutorokea. Wanatoka hawaoni, wanapiga chafya, unampiga mmoja mmoja utosini. Elam akasema, "Mke wangu, hata mimi naanza kukuogopa." Nikamwambia aogope tu, hajakatazwa.

Akabaki mmoja, dume kubwa. Huyo alikuwa ameijua Jumapili. Wiki nzima humwoni hata kivuli. Jumapili tumekaa barazani mikono mapajani kama kanisa linavyotaka, hakuna kazi, hakuna bunduki, yeye anatoka, anakaa kitako katikati ya seleri yangu na kutafuna huku ananitazama. Nilimchukia kama mtu.

Jumamosi moja, kabla jua halijazama, nikatega mtego wa chuma, ule wa meno, mlangoni mwa shimo lake. Elam akauliza, "Na akinaswa kesho, nani atamtoa?"

"Akae hadi Jumatatu," nikamjibu. "Mimi nitakuwa nimepumzika. Mtego haujabatizwa."

Sasa, Jumapili hiyo zamu ya ibada ilikuwa kwetu, ghalani. Mabenchi yamejaa, mahubiri yamekolea, na hapo ndipo buku akanaswa. Kwanza alipiga mluzi, kisha akaanza kulia kama mtoto mchanga. Mhubiri akapaza sauti, naye akapaza yake. Wanawake wakanigeukia. Sitakuficha, mdogo wangu, mimi moyoni nilikuwa nasema: lia, lia vizuri, seleri ile ilikuwa ya mwanangu.

Abner akasimama. Katikati ya mahubiri! Akatoka nje. Tukasikia sepetu mara moja, kisha kimya. Akarudi akakaa mahali pake, shati jeupe lina damu kwenye mkono.

Wakati wa chakula nikamwandama mbele ya watu. "Wewe, hujui leo ni siku gani?"

"Najua, Mama."

"Na umefanya kazi Jumapili, nyumbani kwangu?"

Akaweka mkate chini. "Mtego wako ndio ulikuwa unafanya kazi, Mama. Mimi nimeupumzisha."

Watu wakacheka. Walicheka mezani kwangu, Malinda, na mkate wangu uko vinywani mwao.

Jumatatu nikaenda kwa shemasi. Elam alinisihi niache, Suvilla alinishika gauni, nikaenda. Shemasi akamtaka Abner aungame mbele ya kanisa, maneno machache tu, yaishe. Mjinga yule akasema, "Nikisema najuta nitakuwa nadanganya, tena kanisani." Asiyeungama hatangaziwi ndoa. Amekwenda zake milimani kupasua mbao kwa watu wa nje ya kanisa letu, na nasikia siku hizi anaendesha gari, kitu tulichokatazwa sote. Si unaona? Mwanamume anayesumbuliwa na kilio cha buku angeendesha shamba gani?

Suvilla hakulia. Anakamua ng'ombe, anaosha vyombo, ndiyo Mama, hapana Mama, basi. Seleri nayo, niliyoizungushia uzio wa waya baada ya dume yule kufa, ilistawi ajabu, ikafika magotini, haina alama mpya ya jino hata moja. Majirani walikuwa wanaipita wakitazama upande mwingine.

Jumapili iliyopita nilikuwa barazani na Biblia yangu, Suvilla kando yangu. Nikainua macho. Buku wamejaa bustanini, sijui wametoka shamba la nani, wanakula mstari mzima mzima. Uzio wa waya uko chini.

"Nani ameangusha uzio?"

"Mimi, Mama. Jana, kabla jua halijazama."

"Nenda kausimamishe! Haraka!"

Hakuinuka. Aliikunja mikono yake mapajani vizuri, kama nilivyomfundisha akiwa mdogo.

"Leo ni Jumapili, Mama."

Tukakaa hapo wawili, tukawatazama wakila mpaka wakashiba.

Nisalimie shemeji, Lizzie na mapacha. Elam anakusalimu, anasema wewe mtani wake uje umkande mgongo. Suvilla nilimpa kalamu aongeze salamu zake hapa chini, akaniambia ana vyombo vya kuosha. Mungu aulinde mlango wako, na binti zako awaache waendelee kukupigia kelele.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Naomi