Gari lililopimwa kwa kanga

Moshi, Jumamosi, Aprili 2003

Hili gari linanivuruga akili. Mwenyewe kaniachia ili nilijaribu mpaka kesho. Limeinuka kama gari la porini ila ni fupi, na leo limepanda tope la Machame, njia ya kwa mama, pale ambapo pikapu yangu huteleza hadi migombani. Mama, na magoti yake yale, kaingia kitini bila kuinuliwa. Hapo nilitaka kulinunua papo hapo.

Lakini nyuma ni padogo. Mikungu miwili ya ndizi aliyonifungia mama imepajaza. Majani ya ng'ombe ninayompelekea kutoka Chekereni nitayaweka wapi?

Nilimwambia nitauza pikapu ninunue hili. Alifungua mlango wa nyuma, akavua kanga ya begani, akaitandaza kuelekea viti vya mbele. Ilibaki nusu ikining'inia nje.

"Jeneza la baba yako lilipanda na pikapu," alisema. "Mimi utanileta kuzikwa hapa kihambani kwetu na nini?"

Nikamjibu tutakodi gari.

Aliikunja kanga taratibu, akaniuliza kama nimeshakula.

Kesho mwenye gari anataka jibu, na mimi hata chai imenishinda.