Watoto Wawili wa Uwimana

Gisenyi, Jumapili mchana

Mama Verediana,

Tangu tukuzike, sijathubutu kukaa kwenye kiti chako cha mkunga pale wodini. Leo nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa, na makosa yangu yote wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuyasikia.

Vile vihisi ulivyoambiwa vinakuja, vimekuja. Ulicheka sana siku ile: "Bon, haya, na hii mikono yangu nitapeleka wapi?" Ni vibandiko laini kama plasta, havina waya. Hubandikwa kifuani mwa mtoto mchanga, vikapima moyo, pumzi na joto, na kutuma habari kwenye skrini iliyo mezani kwa wauguzi. Mimi karani naandika kwenye daftari namba ya kila kihisi mbele ya jina la mtoto, ili skrini ikilia wauguzi wajue ni yupi.

Lakini unajua watoto wetu hawana majina. Mpaka siku ya nane, watu wakusanyike wampe mtoto jina, mimi naandika tu "mtoto wa fulani". Jumanne walikuwapo akina Uwimana wawili: mmoja wa Nengo hapa mjini, mtoto wake mnene, karibu na mlango, mwingine mkulima wa Nyakiriba, mtoto wake amezaliwa kabla ya miezi kutimia, karibu na dirisha. Sikwenda vitandani. Niliona haya kuwasumbua kina mama wakinyonyesha. Nikajaza namba nikiwa mezani kwangu, na bila kujua nikazibadilisha, ya huyu nikampa yule.

Mchana skrini ikalia: mtoto wa mlangoni, pumzi zimepungua. Muuguzi Esperansi alipokwenda, alimkuta yule mnene ananyonya kwa nguvu. Akazima kengele. Ikalia tena. "Hii mashine iko nadanganya," akasema. Mama mmoja akatania kwamba labda nayo inataka kunyonya, wodi nzima ikacheka.

Nilitazama daftari langu nikaelewa. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, Mama. Nikawaza kurekebisha namba kimyakimya, mtu asijue. Lakini skrini haikuaminiwa tena, na namba sahihi pekee isingempeleka mtu dirishani kumfunua yule mtoto blanketi. Nikakumbuka ulichoniambia siku nilipopoteza faili: "Karani, kosa iko na mbio kukupita. Sema." Nikasimama. Nikasema mbele ya wote: "Nimekosea mimi. Ni yule wa dirishani."

Esperansi alikimbia. Chini ya blanketi tatu, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kugeuka rangi. Alimsugua mgongo kama ulivyomfundisha, akamwekea oksijeni. Tukasubiri. Sijui tulisubiri kiasi gani. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba kama cha paka. Mama yake alinitazama, kisha akamgeukia mwanawe.

Ijumaa mkuu wetu akasema vihisi virudishwe kwenye maboksi, vinaleta vurugu. Mimi, ambaye ulikuwa unanituma chai ili nizoee kuongea na watu, nilimjibu kwamba kifaa hakikudanganya, nilikosea mimi. Nikamwomba wiki moja ya kuvijaribu tena. Hakukubali, hakukataa. Kesho saa tatu asubuhi ananisubiri ofisini, na sijui kama ataamua juu ya vihisi au juu yangu.

Jana nilianza bila kungoja ruhusa. Naenda kitanda hadi kitanda, naomba radhi, na mama mwenyewe ananisomea namba iliyo kifuani mwa mwanawe. Asiyejua kusoma, muuguzi anamsomea. Naandika mbele yake, na mahali anakotoka. Uwimana wa Nyakiriba alisoma polepole, mara mbili, halafu akalivuta daftari kutoka mikononi mwangu ahakikishe. Haniamini. Ana haki. Nikamwacha aangalie mpaka aridhike.

Naogopa kesho. Nitaenda hivyo hivyo, nikiogopa. Utaratibu huu nimeuandika ukurasa mmoja, kosa langu liko juu kabisa, jina langu chini. Wakiniondoa, karani atakayekuja ataukuta. Wakiniacha, sitaandika tena mtoto ambaye sijamwendea kitandani. Nakuahidi hivyo, na unajua sikuwa mtu wa kuahidi.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Mtoto bado yuko pale dirishani, na anapumua.

Karani wako,
Faustin