Laptopu ya Mke Wangu Imekuwa Nyepesi

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kusahihisha mitihani. Atarudi Jumamosi. Mlangoni kanikumbusha gesi, maua na laptopu yake. Laptopu imechoka. Unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi, bado inafikiria.

"Ifanye iwe nyepesi basi, Fundi," kasema. "Lakini hifadhi kitabu changu kwanza."

Fundi ni mimi. Si fundi wa kitu chochote, nauza rangi na misumari. Alianza kuniita hivyo siku niliyotengeneza pasi. Pasi haijapona mpaka leo.

Kitabu ni cha jiografia, cha shule ya msingi. Kakiandika miaka miwili kwenye meza ya kulia, huku mimi nikiambiwa nipunguze redio. Mchapishaji hatimaye amekubali. Anautaka mswada wote Jumatatu ijayo, ukichelewa nafasi inakwenda kwa mwingine.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia shemeji, mdogo wake mke wangu. Kwake yeye dawa ya kila kompyuta ni moja: kubadilisha mfumo wake, kuweka Linux. Ya bure, haisumbuliwi na virusi, nyepesi. Unaishusha kwenye intaneti, unaiweka kwenye flashi, unaiwasha laptopu kwa hiyo flashi, basi. "Hata wewe utaweza, shemeji." Hilo "hata" nimelisikia.

Lakini kitabu kwanza — sikusahau! Nimenakili folda nzima kwenye flashi. Sura tisa, ramani, picha. Nimefungua sura moja kuhakikisha. Imo. Flashi nimeirudisha kwenye msumari wa jikoni, pamoja na ufunguo wa geti, ndipo inapokaa siku zote. Nimelala usingizi wa mtu mwangalifu.

Jumatano, 5 Machi

Leo ndiyo leo. Nimetoka dukani mapema. Linux ilikuwa imeshashuka. Nimechukua flashi msumarini, nikaichomeka. Likaja onyo jekundu: vyote vilivyomo vitafutwa. Shemeji alishaniambia maonyo hayo ni ya kutishia waoga. Nikabonyeza Ndiyo.

Kisha swali lingine. Nibaki na mfumo wa zamani pembeni, au nifute diski yote nianze upya? Nikampigia shemeji. Kasema futa yote, ndiyo usafi, si umeshahifadhi kitabu? Nikamwambia nimehifadhi, kwenye flashi. Kasema safi sana. Nikafuta.

Imewaka! Hata chai haijapoa. Wai-fai iligoma kidogo, ikakubali. Nimeweka picha ya ziwa kwenye skrini kwa heshima ya jiografia. Halafu nikashusha filamu moja, ndefu, kuijaribu. Haikukwama hata mara moja. Nimejipongeza kwa sauti, maana hakukuwa na mwingine wa kunipongeza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kurudisha kitabu kwenye laptopu.

Nyumba hii ina flashi moja.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda kazini. Nimebeba laptopu na flashi mpaka kwa fundi wa kompyuta, fundi wa kweli, nyuma ya duka la miwani. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kauliza: flashi uliyohifadhia na flashi uliyowekea Linux ni hiyo hiyo? Nikasema ndiyo. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kanieleza kwa lugha yangu. Ukuta ulikuwa na maandishi, nimepaka rangi juu. Chini huenda bado yapo, kwenye flashi na kwenye laptopu, ila kila ninachoongeza ni mkono mwingine wa rangi. Kauliza nimeongeza nini tangu juzi. Nikamtajia ziwa. Nikamtajia filamu. Kaweka bisibisi chini taratibu.

Nimeshinda kwenye benchi lake. Jioni kanirudishia kwenye laptopu alichoweza kuokoa. Sura ya tatu, Mito, imo mara nne. Ramani nusu. Picha za harusi yetu, ambazo tulidhani zilipotea zamani, humo bado nina nywele. Milima hakuna. Hali ya hewa hakuna. Watu na makazi hakuna. Kwa sasa nchi ina mito tu.

Mke wangu kapiga simu. Wamemaliza, kesho mchana atakuwa nyumbani, akipitie kitabu mara ya mwisho. Laptopu vipi? Nikasema nyepesi. Sikudanganya. Kitabu hakuniuliza kabisa. Ananiamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kitabu chenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nilipanga kumwambia mlangoni. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Kaingia na mfuko, kanipa. Seti ya bisibisi, kubwa mpaka ndogo, kwenye kisanduku chake. "Za kwako, Fundi wangu." Maneno yote yakanitoka kichwani.

Hata viatu hakuvua. Kafungua laptopu. "He! Imewaka kabla sijakaa!" Kanishika bega. Kasema miaka yote alikuwa ananitania tu, kumbe ufundi ninao. Nikasema, mke wangu, kuna jambo. Kasema ngoja kwanza, mchapishaji anaulizia ramani, amtumie mara moja halafu tuzungumze vizuri.

Nimekuja chooni na daftari hili. Na bisibisi. Sijui bisibisi nimezibebea nini.

Namsikia sebuleni. Anabonyeza. Anabonyeza. Anafungua na kufunga. Kasema peke yake, "Mito." Tena, "Mito."

Kiti kinasukumwa nyuma.

Ananiita. Si Fundi. Majina yangu yote matatu, polepole, yalivyo kwenye cheti cha ndoa.

Nimeitika nakuja. Bado nimekaa.