Kenchi Fupi za Mwamgongo

Mjukuu wangu Zaituni,

Hapa Buzebazeba tu wazima. Mama yako amehamia Katubuka na ameondoka na jiko langu la mkaa, kwa hiyo usiniulize anaendeleaje.

Umeniuliza kwa utani ofisi yenu huko Dodoma ichague programu ipi ya kuchorea majengo: ile rahisi, ambayo kila fundi anachora kivyake, au ile ngumu inayowaweka wote kwenye mchoro mmoja. Kompyuta siijui, lakini mafundi nawajua. Chukueni hiyo ngumu.

Nilipokuwa msichana, kwetu Mwamgongo tulikuwa tunajengewa zahanati. Mwashi na seremala walikuwa mtu na mdogo wake, wamenuniana kwa sababu ya michikichi ya baba yao. Mwashi alipanua jengo bila kumwambia mdogo wake. Mdogo naye alitengeneza kenchi za paa kule Ujiji kwa mchoro wa zamani, wala hakuuliza. Boti ilipozishusha, hazikufika ukuta wa pili. Kila mmoja akasema kosa si lake, na zahanati ikakaa bila paa.

Masika hayo dada yangu alishikwa na uchungu, ikabidi tumpeleke Kigoma kwa boti. Alitutoka kabla hatujaiona bandari.

Wale ndugu wawili walikuja msibani. Hapo ndipo waliposalimiana, na watu wakawasifu kwa kupatana.

Mimi sikuwasifu.

Bibi yako