Herufi Moja ya Jina Lako

Haboba, bibi yangu,

Nakusihi kabla sijaanza: hata neno moja lisitoke hapo ulipo. Mama akija kaburini kukuombea na kuanza kulalamika mbona Aisha hali chakula, wewe nyamaza. Nimefanya jambo baya kwa jina lako, na ni wewe tu ninayeweza kukueleza.

Ni lile duka la mtandaoni nililolifungua kuuza tabaga zako, kawa za kufunikia chakula. Ulikuwa ukilicheka. "Mtu ananunua tabaga bila kuishika? Huyo atanunua hata mume kwenye simu." Lakini ulikubali nikupige picha ukisuka, umekaa mkekani pale Naguru, mguu mmoja umeunyoosha kwa ajili ya goti lililokuwa likikuuma. Wateja wakaipenda picha ile kuliko kawa zenyewe. Nikaandika chini yake: Nimesuka kwa mikono yangu, mimi Halima.

Unakumbuka walivyotusumbua. Mmoja alirudisha tabaga kwa sababu nyekundu yake haikuwa nyekundu ya kwenye picha. Mwingine alisema duara limekaa sawa mno, kwa hiyo ni kazi ya mashine. Mtu fulani akaiba picha zetu zote, akawa anauza plastiki kwa uso wako. Nilipolalamika, nilijibiwa na mashine. Na ile sheria ya kumjibu kila mteja ndani ya saa moja, la sivyo wenye mtandao wanatushusha chini kabisa, asikotuona mtu. Nilikuwa nawajibu kazini, simu chini ya meza.

Siku tuliyokuzika, wanaume hawajarudi bado kutoka makaburini, simu ikalia. Mteja alitaka kujua goti lako linaendeleaje. Nilimjibu ndani ya saa. Niliandika: "Linaendelea vizuri, mwanangu, nashukuru."

Sikupanga. Lakini miezi minne sasa nimekuwa wewe. Mama mdogo Zamzam, uliyemfundisha mwenyewe, ndiye anayesuka huko Makindye, na mimi ndiye ninayezungumza. Alijua kwamba duka lina jina lako. Hakujua kwamba bado unaandika.

Kisha wenye mtandao wakasimamisha mauzo. Walitaka kitambulisho cha mwenye duka. Nikatuma chako, wakakikataa: duka ni la Halima, kitambulisho ni cha Harima. Karani wa vitambulisho alikuandika kama alivyosikia, na unajua masikio ya hapa kwetu yanavyochanganya R na L. Nilitaka ukarekebishe, ukasema, "Wacha. Mungu anajua kusoma." Mungu anajua, Haboba. Duka halijui. Wakatupa siku saba tulete jina lililorekebishwa, la sivyo wafute kila kitu, pamoja na oda ya kawa za harusi ambayo Zamzam ameshaisuka nusu na hana kazi nyingine.

Na mimi nafanya kazi wapi? Katika ofisi hiyo hiyo wanakorekebisha majina. Na kuandikisha vifo. Karatasi ya hospitali ya kifo chako ilikuwa kwenye droo yangu tangu siku ile. Mama alinipa niishughulikie kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Kila siku nilisema kesho. Kwenye kompyuta ulikuwa hai, na aliye hai anaweza kurekebishiwa jina.

Jumanne nilijaza fomu. R ikawa L. Ilibaki alama ya kidole chako tu. Mzee Ochan, bosi wangu, aliyeokota Kiswahili chake kambini kwa baba yake askari, akasimama nyuma yangu.

"Aisha, hii ya nani?"

"Ya haboba yangu, mzee."

"Iko?"

Neno dogo namna hiyo. Nikasema, "Yuko."

"Basi lete yeye kesho. Tunaweka kidole, kwisha."

Jioni nilimweleza Zamzam yote. Alinitukana, akalia, kisha akaitazama ile kazi ya harusi. "Vidole ni vidole," akasema. Asubuhi akaja ofisini kama wewe, amejitanda shela lako la kijani. Mzee Ochan aliinuka, akamvutia kiti. "Karibu, haboba. Kaa. Huyu mtoto yako anafanya kazi mzuri sana. Hajawahi kunidanganya."

Zamzam akanyoosha kidole. Kilikuwa na rangi ya ukindu hadi kwenye ukucha, kama vyako vilivyokuwa siku zote.

Sikuweza. Nilisema, "Mzee, haboba amekufa." Nikafungua droo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisoma karatasi ya hospitali mara mbili, akavuta kibodi kwake, akaanza yeye mwenyewe kuandika kifo chako. Kisha, bila kuniangalia: "Nani amekufa? Harima ama Halima?"

Nilijua jibu, ndiyo kazi yangu. Jina linafuata kitambulisho. "Harima," nikasema. Nikamsikia Zamzam akisema innalillahi, kana kwamba habari ndiyo kwanza inamfikia.

Jumatatu napeleka maelezo ya maandishi aliyoyataka Mzee Ochan: kwa nini nilificha kifo, kwa nini nilileta kidole kisicho chako. Labda nitafukuzwa. Labda ni zaidi ya kufukuzwa. Kila gari likisimama nje nachungulia dirishani. Mauzo yamefungwa ila ujumbe bado unapita, kwa hiyo leo nimewaandikia wateja wako wote, mmoja mmoja, kwamba umefariki na kwamba aliyekuwa akiwajibu ni mimi. Yule wa harusi amesoma. Hajajibu.

Lala salama, wewe uliyenilea. Nakuahidi sitasema tena kwa mdomo wako. Zamzam akifungua duka, litakuwa na jina lake na uso wake, hata kama hakuna atakayeupenda.

Ukinihitaji, usipitie dukani. Usipitie ndoto za Mama pia, atashtuka. Njoo Makindye kwa Zamzam, nyumba ya mwisho kabla ya kisima, siku yoyote baada ya alasiri. Nitakuwa naloweka ukindu. Ukinikosa hapo, basi wamenipeleka kwingine, na Zamzam atajua ni wapi. Muulize yeye.

Aisha wako.