Uniti Sabini na Tano

Levolosi, Arusha
Julai 28

Kwa ndugu yangu wa rika, Loserian,

Nina miaka themanini na moja. Nimeushinda ukame uliomaliza ng'ombe wa baba, nimewazika kaka zangu wanne, daktari mmoja aliyesema sifiki Krismasi, na meno yangu yote isipokuwa mawili. Kwa hiyo usishtuke kuona barua, sijafa. Habari za Oldonyo Sambu? Mgongo wako unaendeleaje, na yule ndama mwekundu amepona? Sisi huku tupo, tumechoka tu. Niliishia darasa la pili lakini naandika mwenyewe, sitaki mjukuu aisome kabla yako.

Unajua tunakaa kwa binti yangu Naisula, ghorofa ya tatu. Nyumba hii kila kitu umeme, kupika umeme, maji ya kuoga umeme, mwenye nyumba hataki kuona hata kipande cha mkaa. Zamani tulichangia mita na wapangaji wa chini, kila siku kelele nani kachemsha maharage. Mwezi wa tano tukapata mita yetu wenyewe, na nyaya za ndani akazifunga mwanao Lesian. Kazi safi. Naisula akaniambia, baba, tumewekwa kundi la bei ndogo, mwisho uniti sabini na tano kwa mwezi, tukizidisha tunahamishiwa bei kubwa. Nikamwambia mimi nimechunga ng'ombe mia mbili bila kupoteza hata mmoja, uniti zitanishinda?

Nikaichunga mita. Nikazima hita ya maji. Mke wangu Nanyori akaoga maji baridi, akalalamika, nikamwambia mke wa Lesikar halii kwa sababu ya maji. Mwezi wa sita tulimaliza na uniti sitini na nane. Jengo zima hakuna aliyenifikia, hata yule mwalimu wa hesabu wa ghorofa ya pili.

Ikaja Julai, na baridi ya Meru unaijua. Nanyori akaanza kukohoa. Wiki mbili zilizopita Naisula alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake amelala koridoni, hajitambui vizuri. Nikasema kapigwa shoti na swichi ya hita. Kufika usiku alikuwa anakunywa uji, lakini Naisula alishamtukana Lesian kwenye simu, na mwenye nyumba akamnyang'anya kazi ya kufunga nyaya nyumba tisa zilizobaki.

Kijana alikuja. Akainamisha kichwa nimguse, kama ulivyomfundisha. Akasema shikamoo baba, pengine nilikosea waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, nisamehe. Nikamgusa kichwa. Nikasema nimekusamehe.

Na Nanyori hagusi tena swichi kwa mkono. Anawasha taa kwa mwiko wa ugali, kila jioni, mbele yangu, ya sebuleni, ya jikoni, ya chooni, huku ananiuliza, baba Naisula, huo umeme umelala?

Loserian, hakukuwa na shoti. Nilinunua jiko na mkaa sokoni Ngaramtoni, nikavipandisha ndani ya gunia nikisema ni viazi. Nikawasha chumbani alimolala, nikafunga dirisha joto lisitoke, nikashuka kujisifu kwa majirani. Niliporudi ameanguka. Nikamburuta koridoni kwenye hewa, jiko nikalificha nyuma ya tangi la maji. Mimi niliyelala porini na fisi, nilimwogopa mtoto niliyemzaa. Mtoto wa rika ni mtoto wangu, nami nikajificha nyuma ya mtoto wako.

Leo asubuhi nimemwambia Naisula yote. Alimpigia Lesian, akampigia mwenye nyumba, kisha akawasha hita. Bei ndogo ndiyo basi tena. Nanyori ameoga maji moto mpaka kioo hakionyeshi kitu. Siku ya soko nitakuja na kondoo dume. Waite wa rika mnitoze mnachotaka, sitabisha, na hiyo peke yake ni habari.

Salimia boma lote. Usiponiamini, jiko lipo nyuma ya tangi, na Nanyori atashuhudia. Nilipomwambia hakushtuka. Alisema harufu ya mkaa anaijua tangu utoto, na ule mwiko ulikuwa kwa ajili yangu. Kumbe alinipa mpaka mwisho wa mwezi niseme ukweli, nikizidisha angekuandikia yeye.

Nimemaliza siku tatu kabla.

Wako wa rika moja,
Lesikar