Sikio Zima la Mama Mkwe

Mshauri wangu, shikamoo, nisaidie maana maji yamenifika shingoni. Mimi ni daktari wa kusoma picha za MRI, na mama mkwe wangu, tunayeishi naye, alipolalamika kwamba sikio moja halisikii akaletwa kupigwa picha hospitalini kwetu, nami nikasema nitaisoma mwenyewe ili kwa mara ya kwanza anione ni mtu, maana tangu nilipompeleka harusini nikakata kona isiyo yake, huwaambia wageni wote kwamba mume wa binti yake hajui kulia wala kushoto. Basi nikaona kivimbe kama punje ya mahindi kwenye mshipa wa fahamu unaobeba sauti kutoka sikioni, upande wa kushoto wa kioo cha kompyuta, nikaandika "kushoto" na kutia sahihi kwa mbwembwe, nikasahau kwamba picha hizi tunazitazama kana kwamba mgonjwa ametuelekea, kushoto kwa kioo ni kulia kwake, jambo analolijua hata mwanafunzi. Nimegundua jana mezani. Niliketi kushoto kwake, nikiamini huko hasikii, na aliponisema mbele ya mke wangu nikanong'ona, "Heri lingeziba na la pili."

Akajibu papo hapo, "Likiziba la pili, baba, nani atakusikia ukiomba chumvi?"

Upasuaji ni Alhamisi, na nikirekebisha ripoti atanisema mpaka nizeeke. Hakuna njia ya kimya kimya?

Msoma Picha

Msoma Picha, marahaba. Nimecheka, kisha nikaacha. Mama wa watu anakaribia kupasuliwa upande mzima, nawe umekaa kuniandikia mimi? Nimeipigia namba uliyoandika chini ya barua mara tatu, hupokei. Pokea!

Woga wako naujua, ulimi wa mkwe si mchezo. Lakini umechungulia mpaka ndani ya kichwa chake, ukashindwa kumuuliza, "Mama, ni sikio lipi?" Hicho ni kiburi, usikisingizie kioo.

Mpigie daktari wa upasuaji sasa hivi, usingoje agundue mwenyewe. Rekebisha ripoti kwa jina lako, na picha isomwe upya na mwenzako, asiye na ugomvi na mgonjwa. Kisha nenda nyumbani, kaa kushoto kwake, umwombe radhi kwa sauti, mkeo akiwepo. Atacheka mpaka machozi, na wageni watasimuliwa. Vumilia, umeyataka mwenyewe.

Ukinyamaza, akishatoka hospitali utanong'ona utakalo mezani, upande wowote, wala hatakujibu.